Nafasi ya Betri ya Nne

Siku yangu ya kwanza kazini niliweka betri sakafuni, na karakana nzima ikaacha kazi kunitazama.

Ilikuwa Mbarara, Uganda, katika karakana ya kuchaji na kufufua betri za magari, nyuma ya maduka ya vipuri. Nilikuwa na shahada ya umeme kutoka Bukavu, Kongo, ambayo haikuwa imenipatia hata kiti cha kukalia. Aliyekubali kunijaribu alikuwa Mnyankore mmoja mnene ambaye wote tulimwita Fundi Mkuu. Kiswahili chake alikiokota jeshini, naye alikitumia kama alivyotumia spana, kwa nguvu na bila mapambo.

"Nyabo," aliniambia, yaani bibi kwa Kinyankore, "betri hapana weka simiti. Simiti nakunywa moto yake."

"Inakunywaje?"

"Nakunywa tu."

"Lakini ganda lake ni plastiki. Umeme unapitaje kwenye plastiki?"

Mafundi walicheka. Fundi Mkuu hakucheka.

"Wewe nasoma yunivasiti. Mimi nasoma betri. Toa hiyo kitu chini."

Niliitoa. Lakini sikuamini, na kitu nisichokiamini huniwasha kama upupu. Nilichukua betri mbili za aina moja, zilizochajiwa pamoja, nikaweka moja juu ya ubao na nyingine nikaificha sakafuni nyuma ya pipa. Baada ya wiki kadhaa nilizipima mbele yake kwa haidromita, kile kipimo cha kioo chenye boya ndani kinachonyonya asidi kutoka kila chumba cha betri. Boya likielea juu, asidi ni nzito na betri imeshiba. Likizama, betri ina njaa. Kwenye betri zote mbili lilielea sawasawa.

Alininyang'anya haidromita akapima mwenyewe, chumba kwa chumba.

"Sasa kama simiti hapana kunywa, nani nakunywa?"

Nilimwonyesha vifuniko vya betri nyingine zilizopangwa pale. Vumbi na unyevunyevu wa asidi hufanya njia nyembamba kutoka kichwa cha chanya hadi kichwa cha hasi, na umeme hutembea humo taratibu hata kama betri haijafungwa popote. Alipitisha kidole, akakitazama, akakifuta kwenye ovaroli.

"Basi tutapangusa," alisema. "Na mbao itabaki."

Nawaambia haya ninyi mnaoanza kazi hii katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale kwa sababu mmeniuliza swali. Mmeona kigari cha umeme cha Mama Neema, mmeona sanduku lake lina nafasi nne na betri tatu, na mnataka kujua kama mnaweza kujaza ya nne. Jibu langu ni hapana. Lakini mimi mwenyewe sikuwahi kupokea "hapana" isiyo na sababu, kwa hiyo sitawapa yenu ikiwa tupu.

Kwa Fundi Mkuu nilijifunza kazi yenyewe. Nilijifunza kuongeza maji safi ya betri na si asidi, kwa sababu kinachokauka ni maji. Asidi hubaki ndani. Nilijifunza kuchaji polepole, kusubiri vyumba vyote sita vichemke viputo vidogo kwa pamoja, na kukitilia shaka chumba kinachochelewa. Nilijifunza kuosha kutu ya kijani kwenye vichwa kwa magadi na maji ya uvuguvugu, kisha kupaka grisi. Nilijifunza pia kwamba betri iliyoachwa na njaa kwa muda mrefu huota chumvi nyeupe ngumu kwenye bamba zake za risasi, na chumvi hiyo ikishakomaa hakuna chaja, jua wala maombi yatakayoiondoa. Kumbukeni hilo la maombi.

Kutoka hapo nilichukuliwa na mradi wa mafunzo uliofunguliwa makazini Nakivale. Mkuu wangu wa pili alikuwa Mratibu, kijana nadhifu kutoka mjini, mwenye viatu visivyopenda vumbi letu. Mradi ulinunua mota moja yenye mnyororo, kontrola moja na betri mpya nne, nasi tukachomelea fremu ya magurudumu matatu kutoka kwenye mabomba na mabaki ya pikipiki. Kontrola ni kile kisanduku kinachokaa kati ya betri na mota. Unapozungusha mkono wa kulia, ndicho kinachoamua mota ipewe umeme kiasi gani, na ndicho kinachoikatalia mota ikitaka zaidi ya uwezo wake.

Mratibu hakupenda kukataliwa na kisanduku.

"Wageni wakija nataka kiruke," alisema. "Kikitembea hivi wataona ni baiskeli ya wagonjwa."

"Ni cha kazi gani, bosi?"

"Cha kuonyesha."

"Baada ya kuonyesha?"

Alinitazama kama nimeuliza jua huenda wapi likizama. "Dada, wewe tengeneza."

Nilitengeneza. Niliweka gia kubwa mbele, kwenye mota, ili gurudumu lizunguke haraka, na kwenye uwanja tambarare wa Base Camp, penye ofisi za makazi, kigari kiliruka kweli. Wageni walipiga makofi na picha. Mradi ulipokwisha, Mratibu alirudi mjini, betri zile nne mpya zikaondoka na gari la ofisi, na kigari kikabaki kwenye stoo kuku wakikitagia.

Aliyekiomba ni Mama Neema.

Mama Neema aliugua polio utotoni huko Kivu Kusini, na miguu yake haimbebi. Alikuwa na kibanda katika soko la Misiera, hukohuko makazini, cha samaki wakavu, chumvi na mawese, na nyumba yake iko ng'ambo ya mlima, mahali alipopewa kiwanja. Kila asubuhi alisubiri mtu wa kumsukuma kwenye baiskeli yake ya kuzungusha kwa mikono, kwa maana mikono peke yake haikuuweza ule mlima. Msukumaji akichelewa shambani, naye alichelewa. Na sokoni kulikuwa na sheria ambayo kila mtu aliijua: kibanda kinachozoea kufungwa asubuhi hupewa anayefungua. Mkuu wa soko alikuwa amekwisha kumwonya. Kibanda kile kilikuwa ndicho kilichomlisha yeye na binti zake. Mengine yote ninayosimulia yalihusu ule mlima na kile kibanda.

Kikundi cha kanisa lake kiliamua kumsaidia. Mwenyekiti wake, ambaye watu walimwita Papa Prezida, ndiye aliyekuwa mkuu wangu wa tatu, maana kikundi kilinipa chumba cha karakana Misiera nami nikawa fundi wao. Alikuwa mzee mrefu, mchungaji wa ng'ombe kutoka milimani, mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti ingawa alikipenda sana. Aliamuru kwamba betri za kigari zitolewe na nyumba nne, betri moja kila nyumba, ili pasiwe na mtu wa kusema kigari ni chake.

Nyumba tatu zilileta betri za sola zilizonunuliwa Mbarara pamoja kwa ajili ya biashara ya kuchaji simu. Zilikuwa za aina moja, umri mmoja, zenye bamba nene zinazovumilia kutumika hadi karibu na mwisho. Nilizipima nikafurahi. Nyumba ya nne ilikuwa ya Papa Prezida. Alileta betri ya kipaza sauti cha kanisa.

Betri ile wote tuliifahamu. Ilikuwa ya lori, na bamba zake nyembamba zilitengenezwa kwa ajili ya kuwasha injini kwa nguvu ya mara moja, kisha kupumzika. Ilikwisha kunyweshwa maji ya kisima, yenye chumvichumvi. Kila Jumamosi Papa Prezida aliianika juani kama watu wanavyoanika mawe ya redio, zile betri kavu ndogo, na kila Jumapili ilifika katikati ya mahubiri ikanyamaza. Lakini ilikuwa imetoa sauti kwenye harusi na misiba yetu yote, na alipoileta aliibeba kifuani mwenyewe, akaiweka ndani ya sanduku kwa mikono yake.

"Iko na historia," alisema.

"Historia haina volti, Papa," nilisema. Wajumbe wa kamati waliinamisha macho.

Nilizifunga kama nilivyoagizwa, mfululizo, yaani chanya ya moja kwenye hasi ya inayofuata, ili volti kumi na mbili za kila betri zijumlike kuwa arobaini na nane. Niliwaeleza wazi kwamba katika mfululizo umeme uleule hupita ndani ya betri zote, hakuna njia ya pembeni. Waliitikia kwa heshima, kisha wakafanya maombi.

Asubuhi ya kwanza Mama Neema alipanda hadi nusu ya mlima. Kontrola ilikata. Watu walimsukuma. Asubuhi ya pili alifika karibu na nusu. Wiki ile yote kigari kilimwacha palepale kwenye mlima, mzito kuliko alivyokuwa kwenye baiskeli yake ya zamani, na wasukumaji, wakidhani hahitajiki mtu tena, walikuwa wamekwenda mashambani. Mkuu wa soko alikuja mwenyewe kutazama kibanda kilichofungwa, akakipima kwa hatua.

Niliitisha kamati. Walikaa kwenye mabenchi ya kanisa, na Mama Neema akiwa mlangoni juu ya kigari chake, kwa sababu hakikupita. Nilifunga voltimita kwenye kila betri kwa zamu huku gurudumu likiwa limeinuliwa na watu wawili wakilibana kwa ubao ili mota ibebe mzigo. Betri tatu zilishuka kidogo tu zikasimama imara. Ya nne ilianguka kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi, ikapita sifuri, na mshale ukageuka upande wa pili.

"Mumeona?" nilisema. "Hizi tatu zinailazimisha. Zinaisukumia umeme ndani kinyume. Haisaidii tena, inakula moto wa wenzake."

Papa Prezida alisimama. Alikuwa na fimbo, lakini hakuiegemea.

"Enjinyeri, mutoto yangu. Siye tulitoka kule juu na bazee, na bagonjwa, na batoto. Yenye haikuwa na nguvu, tuliibeba. Hakuna mwenye tuliacha mu njia. Leo unataka kutufundisha kuacha?"

Watu walisema "ee" kwa sauti ya chini. Hata mimi ilinigusa. Tulikuwa tumepita njia hiyohiyo.

"Papa Prezida," nilisema, "batu banabebana. Betri hazibebane. Zinauana. Ukiacha hii ndani mwezi mmoja, hizi tatu nazo zitakuwa za kuanika Jumamosi."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajifanya anakohoa.

"Unaona?" Papa Prezida aliwageukia wajumbe. "Masomo ya mingi. Anauliza sababu ya kila kitu, siku moja atauliza sababu ya kusalimia." Kisha akanigeukia tena. "Tulisema nyumba ine. Kama ya kwangu inatoka, kigari hakiko tena cha kikundi. Kila nyumba ibebe betri yake irudie nayo."

Nilipendekeza tuitumie betri yake kwa taa na honi peke yake, pembeni ya mfululizo, ambako haitamdhuru mtu.

"Mimi mwenyekiti," alisema, "nikuwe wa honi?"

Safari hii kicheko hakikujificha, na uso wake ukakunjamana. Nilijua nimeshindwa. Mjumbe mmoja alikwisha kuinama na spana kufungua nati ya betri yake. Ndipo mlangoni ikasikika sauti.

"Acha hiyo ufunguo."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza Mama Neema chochote, si siku ile wala kabla. Mimi pia sikuwa nimemuuliza.

"Papa Prezida, mimi niko na ulizo. Hizi betri mulinipatia, ao mulinikopesha?"

"Tulikupatia, Mama. Mbele ya Mungu."

"Mulinipatia zote ine?"

"Zote ine."

"Basi ni za kwangu. Yako nayo ni ya kwangu. Na kitu ya kwangu ninaweka fasi ninataka." Alininyooshea kidole. "Enjinyeri, toa ile ya historia."

Nilichukua spana.

"Nitaitoa," nilisema. "Nitatafuta nyingine mjini ya kufanana na—"

"Nani amekutuma mjini? Weka tatu."

"Tatu zitatoa volti thelathini na sita. Kitaenda polepole, Mama."

"Polepole ya nani?" aliniuliza. "Ninyi wenye miguu ndio munajua polepole. Mimi nilikuwa natambaa. Mimi nataka kufika."

Mnaona sasa kwa nini sipendi mtu anaposema kazi hii ni ya kuongeza nguvu. Kurekebisha mwendo wa chombo ni kuuliza kwanza kinakwenda wapi na nani amekipanda. Nilitoa betri ya Papa Prezida, nikaipangusa, nikaiweka juu ya benchi mbele yake. Kontrola yetu ilikuwa ya kukubali volti arobaini na nane au thelathini na sita kwa kuunganisha au kutenganisha waya mmoja mdogo, nikautenganisha. Nilifungua gia kubwa ya mbele niliyomwekea Mratibu kwa ajili ya makofi, nikafunga ndogo yenye meno tisa. Gia ndogo huifanya mota izunguke mara nyingi zaidi kwa kila mzunguko wa gurudumu. Unapoteza kasi, unapata msuli. Nilikaza mnyororo, nikaondoa uzito wote usiokuwa na kazi, pamoja na bati la mbele lenye jina la mradi.

Asubuhi iliyofuata watu walijipanga kando ya mlima kama vile ni mbio za baiskeli. Wengine walikuja kumwombea na wengine walikuja kuniona nikiaibika. Sikuona haja ya kuwatenganisha. Papa Prezida alikuja na fimbo yake.

Mama Neema alizungusha mkono taratibu, kama nilivyomwonyesha. Kigari kilinguruma kwa sauti nyembamba kikaanza kupanda. Kilikwenda kwa mwendo wa mtu anayetoka kanisani. Tulipofika pale kilipozoea kufa, nilitembea karibu nikiwa nimeshika ubavu wa mota kusikia joto. Ilikuwa vuguvugu tu. Kikapita.

Papa Prezida alikuwa akitembea sambamba naye upande wa pili.

"Mama Neema, minakupita na miguu!" alisema.

"Pita, Papa Prezida. Lakini utafika na jasho."

Alijaribu, Mungu ni shahidi. Karibu na kilele alisimama, ameshika magoti, na kigari kikampita kikinguruma vilevile. Mama Neema hakugeuka nyuma. Alishuka upande wa pili hadi Misiera, akafungua kibanda, akapanga samaki wake. Mkuu wa soko alipopita kwenye mzunguko wake alimkuta tayari anawapimia wateja chumvi.

Ningependa kuwaambia kwamba baada ya hapo tulipatana sote. Hatukupatana. Papa Prezida alichukua betri yake ikarudi kuhubiri nusu ya mahubiri, na haikupita muda mrefu kamati iliona kwamba chumba cha karakana kinafaa zaidi kwa cherehani. Niliambiwa nikiomba msamaha mbele ya kanisa nitabaki. Niliuliza msamaha wa kosa gani. Waliniambia hilo swali lenyewe ndilo kosa.

Nilifunga vifaa vyangu nikarudi Mbarara, na sasa nafundisha fizikia ya shule, mahali ambapo kuuliza sababu angalau kuko kwenye ratiba. Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Watu hucheka nikilitumia neno hilo, kwa kuwa sina hata unywele mmoja mweupe. Lakini kazi ilikuwa yangu, niliifanya, na ilikwisha. Kustaafu kwingine kukoje?

Baadhi yenu mmeniandikia kwamba Papa Prezida amezeeka na kwamba neno dogo kutoka kwangu lingemtuliza. Namheshimu. Alibeba watu ambao mimi nisingeweza kuwabeba, na kama ningekuwa na chombo cha kupima hilo, boya lake lingeelea juu kuliko langu. Siku akiugua nitakuja kumwona. Lakini sitasema betri ile ilikuwa nzima.

Na ninyi mnaotaka kujaza nafasi ya nne: najua mmepata betri nzuri, labda mpya, na mnataka kigari kikimbie. Betri mpya kati ya tatu zilizochoka pamoja itazikosea kama ile kuukuu ilivyozikosea, kwa njia nyingine: itaendelea kusukuma umeme wakati zenyewe zimekwisha. Hiyo ni sababu ya kifundi, ipimeni wenyewe, msinisadiki. Sababu nyingine haina haidromita. Nendeni Misiera asubuhi mkamuulize Mama Neema mwenyewe kama anataka. Nendeni mapema, maana mkichelewa mtakuta foleni ya wateja.